Uzinduzi wa Mpango Kabambe wa Kazi za Shule Sebuleni

Mheshimiwa Mama Mkwe, mlezi mkuu wa nyumba hii na mkalia kiti pekee chenye mto, Mheshimiwa Mama Watoto, mwenyekiti wa kudumu wa kamati ya jikoni, Shemeji, uliyepita tu kurudisha ngazi tukakuomba ukae, na wewe mgeni wa heshima, binti yangu wa darasa la kwanza, uliyeketi sakafuni na kitabu chako, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya Shemeji peke yake.)

Kama mnavyofahamu, mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Mipango, na ofisini kwetu hata birika jipya la chai haliwashwi kabla sijalizindua, ndiyo maana nimesimama mbele yenu jioni hii nikiwa na tai shingoni na ndala miguuni. Mwalimu ameandika kwenye daftari, kwa wino mwekundu, kwamba kesho mtoto atasoma ukurasa wa kumi na mbili mbele ya darasa zima, kwamba akifika katikati huingiwa na woga sauti ikakatika, na kwamba mzazi aendelee kumsikiliza akisoma kila siku kisha kutia saini. Ndugu wadau, kitengo changu kimelipokea suala hili kwa uzito unaostahili. (Mama Watoto anauliza kama hotuba ni ndefu, maana wali unaiva.) Ni fupi, kurasa tisa tu.

Nakiri tulipata changamoto wiki iliyopita. Zoezi lilisema, hesabu vijiko vya nyumbani kwenu. Mtoto alitaka kukimbilia jikoni avihesabu, nami nikamzuia, kwani mtu hakurupuki kuingia uwandani bila utafiti wa awali, nikamwandikia jibu la kitaalamu kwamba vijiko vinakadiriwa kuwa kati ya tisa na kumi na tano, kutegemea hali ya vyombo vichafu. (Kicheko. Mama Mkwe anasema vilikuwa kumi na kimoja, na kwamba mtoto alirudi kutoka shule analia kwa kukoseshwa.) Taarifa hiyo imepokelewa na itaingizwa kwenye kumbukumbu.

Hata hivyo, mafanikio yapo. Kupitia taimtebo shirikishi, begi linapangwa jioni kwa asilimia tisini na nne, soksi ya pili inapatikana kwa wakati, runinga inazimwa kabla ya kazi ya shule, na kona maalumu ya masomo imetengwa pale kwenye meza ya kupigia pasi, mara tu nguo zitakapoondolewa. (Shemeji anauliza zitaondolewa lini. Mama Watoto anasema hata yeye angependa kujua.) Mchakato unaendelea.

Sasa tusimame kwa kaulimbiu. Kazi ya shule! (Shemeji: Nyumbani!) Begi! (Shemeji: Jioni!) Mzazi! (Shemeji anasema hiyo hakuambiwa.) Mzazi, karibu na mtoto!

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mama Watoto, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga begi na kusaka soksi siku zote ambazo ripoti yangu inaonyesha nilikuwa mimi. Namshukuru Mama Mkwe, ambaye wakati nahutubia ameteremka kitini, akakaa sakafuni, akamsikiliza mtoto ukurasa mzima, mara mbili, na sauti haikukatika. Na wewe mwanangu, unisamehe: taimtebo haijaandikwa, kamati ya mpango huu haijawahi kukaa, ile asilimia nimeitunga nikiwa bafuni, na saini zote kumi na tano kwenye daftari lako nilizitia asubuhi moja kabla sijamaliza chai, bila kukusikia ukisoma hata mstari mmoja. Naona aibu, tena mbele ya mama mkwe. (Mtoto anasogea kidogo pale sakafuni na kusema, "Baba, kaa basi. Nakuanzia mwanzo.")

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Naomba sasa ninyamaze, nimsikilize yeye.