Klavye Niliyoifuata Bukavu

Jumatatu, 6 Novemba
Aibu. Mzee Munyaneza amekuja hapa Kamembe, kwenye ofisi yetu ya kupiga chapa, kuona ukurasa wa kwanza. Marehemu mke wake, Maman Mukundwa, aliitungia kwaya nyimbo thelathini na mbili. Zimo kwenye daftari moja tu, kwa mkono wake, na Jumapili kwaya inataka kitabu. Nilimwapia Mzee kwamba hakuna anayepiga haraka kama mimi. Kweli, napiga haraka. Ila vidole vyangu vilifundishwa Bukavu, kwa klavye, yaani kibodi, ya Kifaransa. Hii ya ofisini ni ya Kiingereza. Mahali pa A kuna Q, na M imehamia chini.

Mzee alivaa miwani, akasoma taratibu, akauliza, "Bibi yangu aliitwa hivi?"

Nilikuwa nimeandika :ukundzq.

Charlotte wa meza ya pili hakucheka. Angecheka, ningemchukia vizuri zaidi. Alisema tu kwamba anaweza kunisaidia. Kamwe!

Jumanne, 7 Novemba
Asubuhi nimevuka daraja la Rusizi II, mpakani, kuingia Congo. Fabien, niliyesoma naye, anauza vyombo vya ofisi Bukavu. Nimejaribu klavye nane, macho nimefumba. Ya kwanza ngumu kama ugali wa jana. Ya pili inalia kama mvua juu ya mabati. Ya nane! Nzito kidogo, herufi zimebonyea katikati, zinapokea kidole kama kitanda kilichomzoea mwenyewe. Nimeinunua hapohapo.

Kurudi, nimeificha mgongoni, ndani ya koti, kwa hofu ya maswali. Nimetembea kama niliyemeza mwiko. Afisa wa mpakani kauliza kama naumwa. Nimeinama kumshukuru kwa huruma yake, ikaanguka. Kaiokota, kaipangusa vumbi, kasema klavye moja haina neno, nipite. Ah, pumzi!

Jumatano, 8 Novemba
Nimeichomeka kwenye kompyuta. Nimeandika "Mama". Imetoka :q;q.

Fabien kanidanganya! Nimeng'oa herufi zote kwa kisu, nizipange upya. Charlotte kauliza nafanya nini. Nimesema nasafisha. Saa sita herufi zilikuwa zimejaa kwenye sahani ya chai. Nimezirudisha. Bado :q;q.

Alhamisi, 9 Novemba
Nyimbo nne tu, kwa kidole kimoja, kwenye klavye ya ofisini. Mzee kapita. Nimetaraji hasira, hakuwa nayo. Kaniambia yeye ndiye anayesahau maneno siku hizi, si kwaya. Anaamka na wimbo wa mke wake mdomoni, katikati unakatika. Ndiyo maana anataka kitabu.

Alipoondoka nimemwambia Charlotte ukweli. Sehemu yake.

Kaja, kabonyeza alama ndogo chini ya kioo, kachagua Kifaransa. Basi.

"Papa Cubaka," kasema, "klavye iko muzuri. Ni mashini ndiyo haiyajua umebadilisha."

Nimeandika Mukundwa. Imetoka Mukundwa! Herufi nilizirudisha ovyo, N imekaa pa T, lakini vidole vyangu havisomi. Sasa hakuna mwingine atakayeweza kuitumia. Furaha juu ya furaha.

Jumamosi, 11 Novemba
Zote thelathini na mbili. Mzee kafungua ukurasa wa kwanza, kaweka kidole juu ya jina, kalifuata herufi kwa herufi.

"Ni yeye," kasema.

Nimelala mchana kutwa kama mtoto aliyenyonya.

Jumapili, 12 Novemba
Kwaya imeimba. Mzee kaimba kutoka kitabuni mpaka ubeti wa mwisho, hakukatika hata mara moja. Kiongozi kanishukuru mbele ya kanisa zima. Nimepokea kwa unyenyekevu. Jina la Charlotte halikupata nafasi.

Kwenye wimbo wa tano magoti yameniuma, nikaelewa yote. Wiki nzima nimehangaikia klavye, kumbe tatizo ni kiti changu cha ofisini, kifupi mno! Yuko seremala Nyakabuye, Damascène, wanasema anapima mtu kama fundi suti. Kesho minibasi ya kwanza.

Charlotte kasema chini ya kiti changu kuna kishikio, nikivute tu kitapanda. Maskini. Hajui mambo ya viti.