Kobe Wangu Hana Arobaini

Ambondrona, Nosy Be
9 Julai 1987

Kwa Mama Mkwe wangu mheshimiwa, Bi Ansoifa, Ampisikina, Mahajanga.

Mama, kwezi, kama tunavyoamkia wakubwa kwetu, na shikamoo juu yake.

Tarehe 3 Machi mwaka huu, saa tatu asubuhi, gatini hapa, nilipoteza kobe mmoja, dume, mzima wa afya, aitwaye Komiseri. Siku hiyohiyo, kwa meli hiyohiyo, aliondoka pia mke wangu Halimati, mimba ikiwa ya miezi saba, kuja kujifungulia kwako kama ada inavyotaka. Kuhusu Halimati sina neno. Ada ni ada. Barua hii ni ya kobe.

Naandika Kiswahili, ambacho mimi nilikiokota dukani Unguja na wewe ulikipata chuoni, kwa sababu barua yangu ya Kifaransa ulimpa jirani yako Djaanfar akusomee, na kabla ya adhuhuri Ampisikina yote ilikuwa inajua kwamba siku hizi silali bila kuacha taa ikiwaka. Hii utaisoma mwenyewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Komiseri si pambo. Nilishuka Nosy Be mwaka 1979 na baiskeli moja na kapu moja la mayai, wala sikurithi hata unyoya. Leo nina mitetea mia moja na arobaini, na hoteli mbili haziwezi kukaanga kitu asubuhi mpaka zisikie kengele ya baiskeli yangu. Kila mfugaji wa pwani hii anajua kwamba kobe akikaa bandani, kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, hupita njia nyingine. Miaka sita amelilinda banda langu. Jina hilo la mkuu wa polisi alipewa na Halimati, kwa vile hutembea kama mtu ambaye mshahara wake unaingia hata akisimama.

2. Mimba ilipojulikana, mkunga alimkataza Halimati kumshika kobe wala kufagia mahali pake. Alisema mnyama yule hubeba maradhi ya tumbo yasiyomfaa mja mzito wala mtoto mchanga, na atakayemgusa anawe kwa sabuni. Basi mlezi wa kobe nikawa mimi. Nilimkatia papai, nikambadilishia maji, nikamsugua gamba, nikanawa mpaka vidole vikanyauka. Halimati alikaa kwenye kigoda, miguu imemvimba, akiniongoza kwa kidole kama fundi mkuu. Miezi mitano aliniita Baba Komiseri mbele ya wateja, nami nikaitika. Siku ya safari akalia kwamba hamwachi kobe wake. Mja mzito haambiwi hapana mara mbili. Nilimfunga Komiseri kapuni kwa mikono yangu, kwa ahadi yako, Mama, kwamba arobaini ikiisha atarudishwa.

Arobaini iliisha tarehe 26 Juni.

3. Sitti alipozaliwa nilikuja mbio. Nilikaa siku mbili baharini, nikatapika zote mbili. Ulinipokea uani, ukasema mwenye vumbi la kuku haingii chumba cha mzazi. Haki yako. Nikanawa. Ukasema bado. Nikanawa tena mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni yangu mwenyewe niliyokuja nayo. Nikiwa bado natiririka maji, Komiseri akanipita hivi hivi, hakunisalimu, akafika mlangoni. Ukamwinua kwa mikono miwili, ukamvusha kizingiti, ukamfungulia pazia. Hakunawa hata mguu mmoja kati ya ile minne. Mimi mwanangu nilimwona kupitia dirisha, kisogo tu. Ni kisogo kizuri, lakini nilikuwa nimelipa nauli ya mtoto mzima.

4. Binamu yangu Tadjiddine, baharia, amenieleza aliyoyaona mwezi huu. Komiseri sasa analala chini ya kitanda cha mtoto, anafukiziwa udi, na anayeuliza hujibiwa na wewe: “Kama analinda vifaranga, atashindwa kumlinda mjukuu wangu?” Mama, umepiga hesabu safi, lakini imeanzia pabaya. Sitti si kifaranga, na mkono uliomvusha kobe usimshike mtoto kabla ya sabuni. Sitoi hilo kichwani, ni neno la mkunga. Tena hesabu hiyo haina mwisho. Kwanza ulisema abaki mpaka arobaini. Ikaisha. Ukasema mpaka shingo ya mtoto ikaze. Sasa nasikia mpaka akae. Kwa mwendo huu Komiseri ataachiwa siku Sitti atakapoolewa. Mimi nitakuwa na miaka sitini na tatu, naye kobe bado kijana.

5. Umenitumia salamu kwamba Belobaka kuna mtu atanipa kobe mwingine, mkubwa zaidi na mpole zaidi. Ahsante, simtaki. Kitu nilichokizoea sikibadilishi kwa kinachofanana nacho.

Basi naomba, kwa heshima zote, nirudishiwe Komiseri. Banda halina mlinzi, na kideri hakitanisubiri mpaka Sitti akae.

Ila lazima niseme jambo la safari. Kobe hawezi kusafirishwa peke yake kama gunia la chumvi. Anahitaji mtu anayejua papai analolipenda ni lile lililoiva upande mmoja. Mtu huyo ni mmoja tu duniani, yaani Halimati. Na Halimati ananyonyesha, kwa hiyo hawezi kumwacha Sitti, kwa hiyo Sitti naye itambidi aje, japo mimi sikumtaja. Na wewe, Mama, ukiona mjukuu bado mdogo mno kuwa mbali na macho yako, chumba cha mbele nimekipaka chokaa na mlango wake unatazama upepo. Nimeweka na ndoo ya maji na sabuni pale kizingitini, kwa kila aingiaye, wa miguu miwili na wa miguu minne.

Utaona kwamba naomba kobe mmoja tu.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, mashoga zako wa kikundi cha kusuka mikeka, na Djaanfar, mwambie safari hii hakuna kitu cha kusoma. Kuku wote wanakuamkia.

Ni mimi mkweo, mwenye banda lisilo na askari,
Athoumani

Tanbihi. Nimetoka bandani sasa hivi kuchukua mayai ya kumpa Tadjiddine akuletee pamoja na barua hii. Mama, siwezi kukudanganya kwa wino wangu mwenyewe. Tangu Komiseri aondoke hajafa kuku hata mmoja, na mayai yameongezeka. Nadhani alikuwa akiyakanyaga. Kaa naye, ni wako. Kile kitanda nilichomchongea Sitti, mtetea mmoja amekifanya kiota na analalia mayai humo tangu Jumapili; sina moyo wa kumtoa, lakini mwenyewe akija, mtetea atahama. Meli inaondoka Mahajanga Alhamisi ijayo, tarehe 16, saa nne asubuhi. Tadjiddine atasimama tena mlangoni pako Jumatano baada ya alasiri. Usimpe salamu wala kobe. Mpe neno moja: Halimati na Sitti wanakuja, au hawaji?