Faini ya Ulanzi wa Jumapili

Anord, dereva bodaboda wanayemwita Breki, alizunguka Ipogolo nzima na spika akitangaza: jioni kikao cha mtaa kinapiga kura. Atakayegema ulanzi, ile pombe ya mwanzi, siku ya Jumapili, faini. Mvua ya mawe iliyolaza mahindi wiki iliyopita eti ilikuwa adhabu ya Mungu kwa ugemaji huo. Akamaliza, akaegesha pikipiki, akaketi kijiweni kwa Muharami kunywa kahawa.

Damari alikuwa pale, kikombe mkononi, hanywi. Tangu mumewe afariki, ulanzi ndio uliokuwa ukimlisha.

"Mwanzi usipoukata ncha siku moja, jeraha linafunga," alisema. "Jumatatu nakuta mbeta ya kukingia utomvu kavu. Ndiyo basi, mpaka masika mengine."

"Mungu alipumzika, mwanzi wako nani?" akauliza Ezron aliyeketi naye benchini, mjumbe wa mtaa na mzee wa kanisa. Walimwita Nabii, maana hutabiri mvua ikishaanza kunyesha.

Muharami aliitwa Huria, kwa kupinga kila amri. Hata taa za barabarani kwake zilikuwa uonevu.

"Mimi ulanzi haramu, siugusi," alisema. "Na moto wa jahanamu najua upo. Lakini kule kila mtu ataulizwa kivyake. Mtendaji wa mtaa na faini zake anaingiaje?"

"Mawe yalianguka kivyake? Dhambi ya mmoja, mahindi ya wote!"

"Ya wote, Nabii?" Breki akadakia. "Kwa mama Damari halijachanika hata jani. Kwako ndiko mahindi yamebaki fagio."

"Damari adhabu yake inasubiri," Nabii akajibu bila kupepesa.

"Basi msubirini na nyie! Mnamzidi Mungu haraka?" Huria akasema.

"Huria, nyamaza. Juzi jirani kafungua kijiwe cha kahawa ng'ambo ya barabara, nani alikimbilia mgambo wamfunge?"

"Ile ilikuwa kahawa mbovu," Huria akasema, akifuta birika taratibu. "Nilitetea afya za watu."

Damari akaweka kikombe chini.

"Mjumbe, mimi adhabu ya Mungu naiogopa. Kila Jumapili natubu, halafu naenda kugema, maana watoto hawali toba. Ila nisaidie hapa. Nikilipa hiyo faini, nitakuwa nimemalizana na Mungu?"

"Thubutu! Dhambi haifutwi na hela."

"Kwa hiyo kosa moja, naadhibiwa mara mbili."

Nabii akavua kofia. Akaiweka gotini.

"Na mwenye hela zake?" Breki akauliza. "Ageme tu, alipe, aende zake?"

Nabii alitazama barabarani, malori mawili yakapita yakielekea Mbeya. Kisha akasimama, akajikung'uta suruali.

"Naenda kikaoni kuwaambia waiondoe hiyo faini."

Damari akashusha pumzi. Breki akapiga makofi: "Huria kashinda!"

"Nani ashindwe na huyu? Nimewaza tu siku Mungu atakaponiuliza, Ezron, hela mliyotoza kwa jina langu iko wapi?" Akavaa kofia. "Nimjibu iko kwa mtendaji?"