Simu Moja kwa Kila Mwandishi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi uliyetuma mwakilishi, mwakilishi uliyetuma udhuru, wakuu wa idara, makaimu wao, wahariri, waandishi, wadau wa maendeleo na fundi wa kipaza sauti: mimi, Mkurugenzi wenu wa Habari na Mageuzi ya Kidijitali, nasema itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja.) Asante, shemeji.

Ndugu zangu, zamani mwandishi alitoka na daftari, tepurekoda na mpiga picha nyuma yake, habari ikatoka kesho. Leo, kwa simujanja tu, anaandika, anarekodi, anapiga picha, anahariri na kurusha habari mgeni rasmi akiwa bado anasafisha koo, na ushahidi ni kwamba habari ya uzinduzi huu mmeirusha tangu asubuhi, pamoja na makofi ambayo hamjapiga! (Kicheko.) Mmeandika nilishangiliwa. Niliipenda, nikamwambia mwanangu anifungulie tena.

Kimkakati, utekelezaji umefikia asilimia tisini na tisa. Hiyo moja nitaieleza mwishoni. Na kwa kuwa simu ina kamera, Mzee Lenzi, mpiga picha wetu wa miaka yote, tulimstaafisha kwa keki na hotuba yangu. (Sauti: "Picha ya kuagwa kwake akapiga mwenyewe!") Kweli, na kichwa changu akakikata. Nililalamika kwa maandishi.

Sasa, bosi mkuu naye ana simu. Ameisoma habari yenu, amefurahi, yuko njiani kuja kukagua simu za mradi na kupiga nazo picha. Ndugu zangu, naogopa. Mdomo umeponza kichwa, na kiti hiki nimekizoea. Kwa hiyo, kwa moyo wa ushirikishwaji wa wadau, naomba kila mmoja aweke simu yake ndani ya kabati hili la vioo mpaka bosi aondoke. (Miguno. Simu zinawekwa.) Shemeji, funga, kampokee mgeni getini.

Simu moja! ("Mwandishi mmoja!") Kalamu chini! ("Simu juu!") Nawashukuru sana kwa kuukopesha mradi simu, maana ile asilimia moja iliyobaki ndiyo hii: mradi wenyewe haujawahi kununua hata chaja.

(Honi nje.) Huyo amefika! Jipangeni, tabasamu! Nani anapiga picha? (Wote wanatazama kabati.) Mpigieni Mzee Lenzi! (Sauti: "Kwa simu ipi, mkuu?")

Shemeji kaondoka na ufunguo, na sasa yuko na bosi? Basi mwenye mbio akimbie kwa Mzee, amwambie namwomba radhi, aje na kamera yake. Na safari hii akikikata kichwa changu, sitalalamika.