Maporomoko ya Nangara na Ng'ombe Wanane

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Jumamosi wakwe wanatoka Simanjiro kuleta mahari ya binti yangu Dorika. Tulikubaliana ng'ombe wanane. Nilikubali haraka, nilikuwa na njaa. Leo nimepiga hesabu upya: mwalimu, diploma, tabia nzuri. Ni kumi na wawili. Dorika kasema yeye si gunia.

Dawa ni maporomoko. Niliyajenga mwenyewe nyuma ya nyumba, hapa Nangara, mwaka 2019: mawe, kijito cha mita saba, kidimbwi cha lita 320, na pampu ya kurudisha maji juu. Yalitiririka wiki mbili. Tangu hapo ni makazi ya vyura. Lakini mtu akikuta mto uani kwa mkwewe hawezi kutoa wanane. Mama Dorika kauliza kwa nini nisipake rangi choo, ambacho wageni watakitumia kweli. Hana maono.

Jumanne, 16 Septemba

Nimesafisha kidimbwi. Vyura ishirini na watatu, nimewahesabu. Nimewahamishia kwa jirani, Mzee Twalha, kupitia uzio. Kisha nikaenda dukani kwake kununua pampu. Vifaa vya maji anauza yeye. Boksi linasema lita 2,500 kwa saa. Kaniuliza namwagilia nini. Nikamwambia ni mambo ya familia. "Basi nikupe na samaki, Baba Dorika, familia ikamilike."

Jioni nimejaza maji, nimewasha pampu.

Jumatano, 17 Septemba

Kidimbwi kitupu. Lita 320 zimeondoka bila kuaga. Mama Dorika kanionyesha migomba ya Twalha ng'ambo ya uzio. Imeloa, imenawiri. Nimekwenda kudai maji yangu. Kasema nikiyaona yenye jina langu niyachukue. Vyura wamerudi kumi na tisa. Wanne kabaki nao.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimebomoa sakafu ya kijito, nimetandika turubai la kuanikia mahindi kutoka kwenye mashine yangu ya kusaga kule Bagara, juu yake saruji. Fundi alitaka siku mbili. Mimi saa sita. Nilianza maisha kwa kuuza mkaa wa kopo, hakuna fundi wa kunifundisha kitu. Ndala yangu ya kushoto imo ndani ya saruji. Imeshakauka. Haionekani sana.

Ijumaa, 19 Septemba

Yanatiririka. Nimekaa nayo saa mbili.

Dorika kaja kukaa pembeni yangu. Kasema ni mazuri kweli. Kisha kasema ana miaka thelathini na mmoja, mchumba wake Kasaine amemsubiri minne, na ananiomba kitu kimoja tu: kesho nisitaje namba yoyote. Nimeahidi. Niliguswa.

Jumamosi, 20 Septemba

Fuso limefika saa nane mchana na ng'ombe wote wanane, Kasaine, na baba yake, Mzee Sankok. Nimewapeleka uani moja kwa moja. Mzee kaegemea fimbo, kayatazama maporomoko muda mrefu. Kauliza maji haya yananywesha ng'ombe wangapi.

Sikutaja namba. Niliulizwa. Ni tofauti. Lita 2,500 kwa saa, mara ishirini na nne, elfu sitini. Ng'ombe mmoja lita arobaini. Nikasema elfu moja na mia tano kwa siku. Dorika kaliweka sinia chini.

Mzee kavua kofia. Mama Dorika akamkaribisha chai. Kakataa kwa upole: kwao mifugo iliyosafiri ikishakunywa, ndipo mtu anakunywa. Ng'ombe wakashushwa wote.

Nane mara arobaini ni 320. Hesabu hiyo ilinijia wa tano akiwa ameinamisha kichwa. Na hawa walikuwa na kiu ya Simanjiro, hawakujali arobaini yangu. Maji yakaisha kwa wa saba. Pampu ikalia, ikatoa moshi, ikanyamaza. Wa nane alilamba saruji, kisha akanitazama.

Mzee Sankok kauliza wale wengine elfu moja mia nne tisini na watatu hunywa saa ngapi. Nikaeleza kwamba maji ni yale yale, yanazunguka. Akairudisha kofia kichwani. Kisha: "Mkwe, mtu anaweza kudanganya umri wake. Hata idadi ya watoto. Maji, hapana." Akamwambia dereva afungue Fuso, ng'ombe wapande.

Dorika hakulia. Alichukua ndoo mbili, akaenda bombani kwa Mzee Twalha, akarudi, akamwekea yule wa nane. Akaenda tena. Kasaine akachukua ndoo nyingine, akamfuata. Safari ya nne Mzee Sankok alivuta kiti, akaomba chai.

Kasema ndoa ipo, kwa ajili ya binti. Ng'ombe sita wanabaki. Wawili wanarudi Simanjiro mpaka nitakapokuwa na maji ya kuwanywesha.

Jumapili, 21 Septemba

Mama Dorika haongei nami. Nimetafakari kosa langu kwa moyo mweupe. Kosa ni pampu. Ilikuwa ndogo. Twalha anayo nyingine, lita elfu sita kwa saa. Mara ishirini na nne, gawanya kwa arobaini: ng'ombe elfu tatu na mia sita kwa siku. Kidimbwi kibaki kile kile, hakina tatizo.

Nimempigia Mzee Sankok kumpa namba hizo, awalete wale wawili, na akipenda aongeze wanne. Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kaniomba nimpe Dorika simu. Wamecheka muda mrefu sana.

Nadhani amekubali.