Kila Swichi Mnayopita

Jumatatu, 9 Novemba
Shule imepata bendera ya kijani, ile ya shule zinazotunza mazingira! Mwalimu Feeney amesema Jumatatu ijayo mmoja wetu wa darasa la sita ataipandisha mlingotini, mbele ya wazazi wote. Atakuwa yule ambaye nyumba yao imepunguza umeme kuliko zote. Mita isomwe leo, isomwe tena Jumapili jioni, mzazi atie sahihi.

Nimeamua ni mimi. Clíona Tierney ameamua ni yeye, na kwao kuna paneli za sola. Nimemweleza mwalimu kwamba hiyo si haki. Amesema jua la hapa Roscommon mwezi wa Novemba lisininyime usingizi.

Jumanne, 10 Novemba
Adui mkubwa ni hita ya maji, ile iliyo ndani ya kabati la taulo, ghorofani. Nyumbani kwetu mtu husamehewa yote isipokuwa kuacha hita ikiwaka. Mwaka jana tulikuwa nusu ya njia kwenda harusini Galway, Mama akauliza nani amezima hita. Baba akageuza gari. Tulikuta imezimwa. Harusini tuliwahi keki tu.

Siwezi kuilinda nikiwa darasani. Nimewaajiri wadogo zangu pacha, Oonagh na Sorcha, wa miaka mitano, wanaotoka shule mapema. Hawajui kusoma, basi nimewatungia sheria fupi: kila swichi mnayopita, bonyezeni. Waanzie chini. Wameirudia mara kumi bila kukosea. Nadhani nina kipaji cha ualimu.

Jumatano, 11 Novemba
Ugunduzi! Friji ya bandani inanguruma mchana na usiku kwa ajili ya chupa sita tu. Ni wiski ya malai ya Bibi Nuala. Huipika kila Novemba kwa mayai, malai na wiski, kisha huipeleka kuonjwa ukumbini mwa parokia. Miaka minne mfululizo amekuwa wa pili, nyuma ya bibi yake Clíona. Mwaka huu ameongeza kahawa. Aliniruhusu kunusa kizibo: inanuka kama Krismasi yenye kikohozi.

Nimechomoa friji. Chupa nimezihamishia kwenye kabati la taulo. Nimehakikisha mwenyewe kuwa hita imezimwa na taa yake nyekundu haiwaki. Mle ndani ni giza na baridi kama kanisani. Bibi sijamwambia. Nitamwambia siku ya ushindi.

Alhamisi, 12 Novemba
Nimewapandisha cheo pacha: sasa na ghorofani pia. Jioni wametoa ripoti, swichi ishirini na tisa. Nimewapa biskuti.

Ajabu, taa ya nje ilikuwa inawaka mchana kweupe, na runinga ilikuwa ikihubiria viti vitupu. Namshuku Baba.

Ijumaa, 13 Novemba
Pacha wamepelekwa kwa Shangazi Attracta hadi Jumapili. Si neno, kazi imeshafanyika. Maji ya kuoga yamekuwa moto kupita kawaida. Baba kafurahi, akauliza siri ni nini. Nimemwambia nidhamu.

Jumapili, 15 Novemba
Bibi alienda bandani kuchukua chupa za kupeleka ukumbini. Akarudi mikono mitupu, akiuliza kwa upole nani amemwibia. Nikampeleka kwenye kabati. Tulipofungua mlango, joto lilitupiga usoni kama tanuri la mkate. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Mama alikuwa ngazini. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Imewaka tangu lini?"

Bibi aligeuza chupa juu chini. Hakikutoka kitu. Akaipiga kitako. Kikatoka kipande. Nilianza kulia, nikaeleza yote, hata sheria. Bibi alikionja kile kipande.

"Nyamaza, mwanangu. Lete vijiko."

Ukumbini aliiweka kwenye bakuli. Bibi Philomena Tierney aliuliza kama mwaka huu Nuala ameleta jibini. Bibi akamjibu, "Onja, Philomena, ungali na meno." Padri aliomba kijiko cha pili, kisha cha tatu, kisha kiti. Matokeo: Bibi wa pili. Amesema kuwa wa pili huku watu wanalamba bakuli si kama kuwa wa pili hivi hivi. Ameninunulia chokoleti.

Mita Baba aliisoma mara mbili, akidhani miwani ni mbovu. Alitia sahihi akiangalia pembeni.

Jumatatu, 16 Novemba
Clíona amepandisha bendera. Nimepiga makofi kama nilivyofundishwa. Mwalimu Feeney aliniita kando. Amesema katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona mita iliyopanda vile, lakini anaona nina moyo. Ana mashindano mengine: kuanzia kesho tunapima maji, na mshindi ataishusha bendera siku ya kufunga shule.

Kuishusha! Si watu wengi wanaojua kwamba kushusha ni kugumu zaidi.

Nimekaa nikatafakari kosa langu. Ni wazi: swichi zilikuwa nyingi mno kwa watoto wadogo. Mabomba tunayo saba tu. Jioni nimewaketisha pacha, nimewapa sheria mpya, na wameirudia mara kumi bila kukosea: kila bomba mnalopita, zungusheni.