Machozi ya Kinyozi

Jumatatu, 3 Juni
Habari njema! Yaani, mbaya. Muuguzi anayeongoza kikundi chetu cha kujifunza Biblia amehamishiwa zahanati nyingine. Nimesikitika sana, kama dakika nzima. Kiongozi mpya atachaguliwa Jumapili, palepale sebuleni kwa Mama Mkunga, tunapobanana kwenye makochi yake kila Alhamisi. Nani mwingine kama si mimi? Sauti ninayo. Biblia ya zipu ninayo. Kikwazo ni kimoja: Fundi Viatu, jirani wa kibanda changu cha kunyoa. Huyu akifumba macho tu kuomba, machozi hayo! Akina mama wanasema ana moyo laini. Mimi macho yangu makavu kama jiwe la kunolea. Hata msiba wa mama mkwe haukuyalowesha, na mke wangu hajasahau.

Jumanne, 4 Juni
Nimejaribu kulia mbele ya kioo cha kazini. Nimewaza mambo ya huzuni: uzee, upweke, kipara changu mwenyewe. Wapi! Mteja aliyekuwa kitini akauliza kama jino linaniuma. Nikamwambia naguswa na Roho. Akaomba niguswe baada ya kumaliza upande wa kushoto.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Kitunguu. Nimekiponda, nimekifunga kwenye hanchifu, nimekificha mfukoni mwa koti la ibada. Mke wangu akanusa harufu, akauliza kulikoni. Nikasema ni dawa ya mafua, najifukizia. Akanipa pole kwa upole mpaka nikajisikia vibaya. Kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Naandika kwa jicho moja.
Somo lilikuwa kufufuliwa kwa Lazaro, na Bwana mwenyewe analia mle! Nikaona njia imeshanyooshwa. Nikaomba niongoze sala. Nikatoa hanchifu, nikajipangusa macho yote mawili, kwa imani.
Hakikuwa kitunguu peke yake. Mke wangu, Mungu ambariki, aliona kitunguu kitupu hakiwezi mafua yangu. Akaongezea pilipili.
Nikapiga ukelele, “Yesu wangu!” nikaanguka kati ya meza na kochi. Wote wakadhani Roho amenifungua. Mama Mkunga, aliyezalisha nusu ya mtaa, akanikamata mabega, akapaza sauti ileile ya kazini: “Itoe, mwanangu! Usiizuie! Sukuma!”
Nitoe nini? “Dhambi!” akasema. Wakaitikia wote, itoe! Nikaona maji sitaletewa mpaka nimetoa kitu. Nikabuni dhambi ya haraka haraka: nikasema namwonea wivu Fundi Viatu, natamani ningependwa kama yeye. Kufika katikati ya maneno, nikagundua sijabuni. Hapo yakanitoka machozi mengine, ya kwangu mwenyewe.
Aliyeninawisha ni Fundi Viatu. Alileta beseni, akaniosha uso taratibu kama anaosha mtoto. Kisha akasema mbele ya wote: “Kaka, mimi huwa silii. Ni gundi ya viatu. Inanichoma macho kutwa nzima; nikiyafumba, yanatiririka. Mlivyonisifu, nikaona haya kuwaambia.”
Mama Mkunga akaangua kicheko mpaka kochi likalia. Tukacheka wote, tukashindwa hata kufunga kwa sala. Sijawahi kuwapenda watu wale kama leo, ingawa nilikuwa siwaoni.

Jumapili, 9 Juni
Uchaguzi. Fundi Viatu akasimama, akanipendekeza mimi! Eti mtu aliyeweza kusema ukweli wake akiwa sakafuni, huyo ndiye wa kutuongoza. Nilitaka kusema ndiyo papo hapo. Lakini unyenyekevu una taratibu zake: unakataa, unasihiwa, unakataa tena, ndipo unakubali shingo upande. Nikainamisha kichwa. “Hapana, ndugu zangu. Mimi sistahili.”
Wakasema sawa.
Sawa! Hakuna hata aliyekohoa. Wakamgeukia Fundi Viatu, naye akasema tu, “Haya, nitajaribu.” Makofi! Mimi nimepewa viti vya kuazima: kuvipanga na kuvirudisha. Tukiwa njiani mke wangu akanishika mkono, akasema leo amejivunia kuwa na mume asiyependa makuu. Nilitaka kumweleza. Mkono wake ulikuwa na joto zuri. Nikaacha.

Jumatatu, 10 Juni
Nimetafakari asubuhi yote, na sasa nimejifunza. Kosa langu lilikuwa macho. Macho ni kitu cha hatari! Kufunga na kuomba ndiko kwenye usalama. Poda nyeupe ya kazini, kidogo tu kwenye midomo, na mtu anaonekana hajala siku tatu. Nimejitazama kwenye kioo: mtakatifu kabisa! Viongozi huchoka, na Fundi Viatu akichoka, watu watakumbuka nani alikuwa anafunga.
Amechungulia Fundi Viatu mwenyewe mlangoni, akaiona midomo yangu, akaingiwa na huruma. Amesema haiwezekani ndugu yake afunge peke yake. Kesho tunafunga pamoja, yeye na mimi, bega kwa bega, kutwa nzima.
Nimemshukuru sana. Sasa natafuta mahali pa kuficha mkate.